Stakabadhi si Matusi: Nasaha kwa Wanaotafuta Nyumba ya Kupanga London



Mwezi huu nimekusudia kuandika juu ya nyumba za kupanga, na sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nimesomesha kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Unguja kisha hapa London, na miaka yote hiyo nimewausia watoto wa watu wasitie saini karatasi wasiyoisoma, wala wasitoe fedha bila ya kuandikiwa. Hata hivyo, siku mpwa wangu aliponinong'oneza kama yafaa kumtaka stakabadhi mtu aliyekuwa akimpangisha nyumba, nilimjibu kwa maneno manne tu: "Huyo ni mtu wetu." Maneno hayo manne yaligharimu pauni 2,000, na hazikuwa zangu.

Nakisimulia kisa hiki kwa idhini ya wahusika, si kwa sababu ya kumwaibisha mtu, bali kwa sababu najua kuna nyumba nyingine zilizofikwa na haya zikanyamaza kwa haya. Aibu ikinyamaza, mjanja hupata faida mara mbili.

Wageni wa wiki mbili

Mpwa wangu ni muuguzi. Aliwasili mwaka 2023 pamoja na mumewe na watoto wao watatu: msichana wa miaka kumi na mmoja, mvulana wa miaka tisa, na mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Wakateremkia kwetu Plaistow, katika fleti ya vyumba viwili tunayokaa mimi na mke wangu, kwa makubaliano ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, na mwezi ukawa mitano.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hapa shamba la kulima hatuna. Tuna choo kimoja ambacho watu saba hukipangia foleni alfajiri, mmoja akitaka kutawadha na mwingine akichelewa kazini. Mke wangu hakutamka neno la uchungu hata siku moja. Mpwa wangu alimwona tu siku moja amekaa jikoni peke yake usiku wa manane, akinywa chai kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa pamebaki kimya. Asubuhi yake akaniambia, "Mjomba, sasa imetosha. Tutafute popote."

Isitoshe, kuna jambo ambalo wenyeji wengi hatulifikirii. Sheria ya nyumba ya England ya mwaka 1985 huihesabu nyumba kuwa imejaa kupita kiasi ikiwa watu wawili wa jinsia tofauti, waliotimiza miaka kumi na ambao si mke na mume, hawana budi kulala chumba kimoja. Dini yetu nayo yatutaka kuwatenga watoto malazi wafikapo umri huo huo. Juu ya hayo, mikataba mingi ya kupanga humkataza mpangaji kuweka watu wengine kwa muda mrefu bila ruhusa. Basi tunapomkirimu ndugu kwa miezi, huenda tukawa tunakihatarisha kipande chetu wenyewe cha paa. Ukarimu ni wajibu, lakini uwe na tarehe ya mwisho, na hiyo tarehe ijulikane na pande zote mbili tangu siku ya kwanza.

Mtu wetu

Ndipo akatokea bwana mmoja tuliyezoea kuonana naye harusini na mazikoni. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na hapungukiwi na maneno ya heshima. Alisema ana nyumba ya vyumba viwili vya kulala karibu na Green Street, kwa pauni 1,300 kwa mwezi. Wakati huo nyumba za kiasi hicho katika mitaa ile zilikuwa zikitangazwa kwa zaidi ya pauni 1,700. Alitaka pauni 2,000 taslimu: kodi ya mwezi mmoja na pauni 700 za amana. "Hakuna wakala, hakuna makaratasi," alisema. "Sisi kwa sisi."

Tukaenda kuitazama. Akafungua mlango kwa ufunguo wake, akatuonyesha jiko na vyumba, akamsifu mvulana kwa kusoma vizuri. Hapo ndipo mpwa wangu aliponisogelea na kuniuliza habari ya stakabadhi, nami nikamjibu kama nilivyokwisha kusema. Niliona kwamba kumtaka mtu kama yule karatasi ni kumtukana.

Jumamosi tulipofika na mabegi, tulikuta familia nyingine mbili zimesimama mlangoni, nazo zina mabegi, na kila moja ina ufunguo wake. Yule bwana hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji aliyekwisha hama, na mwenye nyumba halisi hakuwa na habari na yeyote kati yetu. Polisi walituandikia nambari ya taarifa. Fedha hazikurudi mpaka leo. Watoto walirudi Plaistow wamekaa kimya ndani ya basi, na yule msichana mkubwa akaniuliza, "Babu, kwani yule si alikuwa rafiki yako?"

Kwa nini tulimwamini

Nimelitafakari swali lile kwa muda mrefu. Kwetu, iwe ni Ng'ambo, Kariakoo au Mji wa Kale wa Mombasa, mtu hupanga nyumba kwa maneno, na mara nyingi hutoa kodi ya miezi sita au hata mwaka mzima kwa mpigo. Dalali huchukua chake, na mambo huenda. Lakini tusisahau kinachoyafanya yaende. Mwenye nyumba hujulikana, mama yake hujulikana, msikiti anaosali hujulikana, na akidhulumu ataulizwa na mtaa mzima. Dhamana haikuwa katika maneno yake. Dhamana ilikuwa ni mtaa.

London haina mtaa wa namna hiyo. Mtu aweza kukudhulumu Jumamosi, na Jumatatu akawa anaishi Birmingham. Hapa karatasi ndiyo mtaa. Karatasi ndiyo jirani atakayeshuhudia, na ndiyo mzee atakayeulizwa.

Tena kuna sababu nyingine ya kukimbilia kwa "mtu wetu". Wazee waliofika nchi hii katika miaka ya 1950 na 1960 walikuta madirishani vibao vinavyotangaza kuwa weusi hawapangishwi. Sheria ya kwanza ya kuzuia ubaguzi wa rangi, ya mwaka 1965, haikuharamisha ubaguzi wa jumla katika upangishaji wa nyumba. Ni ile ya mwaka 1968 iliyoharamisha ubaguzi katika upangishaji. Kwa hiyo wazee wetu walijifunza kutafutiana vyumba wao kwa wao, na walisaidiana kwa uaminifu mkubwa. Sisi tumeurithi mlango ule, lakini hatukutazama ni nani amesimama nyuma yake leo.

Na lililo kubwa zaidi, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na inataja mwandishi na mashahidi. Nimeisoma aya hiyo mara ngapi maishani! Lakini siku ya kuitumia nikaona haya. Yule mjanja alifaidika na haya zetu kuliko alivyofaidika na ujanja wake.

Chanzo cha ughali

Kabla ya kueleza tulivyotafuta mara ya pili, yafaa msomaji ajue kwa nini kazi hii ni ngumu, asije akadhani kuwa ni bahati yake tu iliyo mbaya.

Zamani mfanyakazi wa kawaida wa London alitegemea nyumba za halmashauri. Kule Dagenham na Barking, baraza la jiji lilijenga kati ya mwaka 1921 na 1935 mji mzima wa nyumba uitwao Becontree, wenye nyumba zaidi ya 25,000, kila moja na kiuga chake. Ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya nyumba za umma duniani. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1980, wakati wa Bibi Margaret Thatcher, iliyowapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa bei iliyopunguzwa. Takriban nyumba milioni 2 zimeuzwa England tangu hapo, na zilizojengwa badala yake ni chache mno. Baadhi ya zilizouzwa sasa ziko mikononi mwa watu binafsi wanaozipangisha kwa kodi ya soko. Aliyekuwa akipanga kwa halmashauri leo anapanga ukuta ule ule kwa mtu binafsi, kwa bei nyingine kabisa.

Sisi Waislamu tuna uzito mmoja zaidi. Wengi wetu huepuka mikopo ya riba, kwa hiyo hatununui nyumba mapema, na huenda mtu akapanga maisha yake yote. Kwa watu wa namna hii, kujua kupanga vizuri si jambo la kupita. Ni elimu ya lazima.

Hesabu kabla ya hamu

Mara ya pili tulikaa mezani na kalamu kabla ya kutoka nje. Wakala wengi hutaka kipato cha nyumba nzima kwa mwaka kiwe walau mara thelathini ya kodi ya mwezi. Nyumba ya pauni 1,690 kwa mwezi yahitaji basi kipato cha pauni 50,700. Mshahara wa muuguzi peke yake haukufika huko. Mumewe alikuwa akifanya kazi ya ghala, lakini katika miezi ya kwanza alilipwa mkononi, na fedha ya mkononi haihesabiwi na wakala yeyote. Alipobadilisha kazi na kuanza kupewa hati ya mshahara, ilibidi tungoje apate hati za miezi mitatu. Vijana, lizingatieni hili: kazi yenye mshahara mdogo lakini yenye hati yaweza kukupatia nyumba, na ile ya mkononi isikupatie hata ikilipa zaidi.

Halafu tukahesabu yale ambayo tangazo haliyataji. Kodi ya halmashauri hulipwa na mpangaji, isipokuwa kodi ya nyumba iwe imeijumuisha, na kiasi chake hutegemea daraja la nyumba lililopangwa kwa thamani ya mwaka 1991. Kuna gesi, umeme na maji. Kuna nauli. Nyumba tuliyoikosa East Ham ilikuwa ghali kwa pauni 160 kuliko ile tuliyoipata Becontree. Nauli ya mpwa wangu na mumewe kutoka Becontree iliongezeka kwa pauni 60 kwa mwezi, kwa sababu kituo kimo katika kanda ya tano. Faida halisi, basi, ilikuwa pauni 100, wala si 160. Lakini kuna nyumba nyingine, mbali zaidi, ambayo nauli na basi la usiku vingeila faida yote. Nyumba ya bei nafuu si ile yenye kodi ndogo. Ni ile ambayo mwisho wa mwezi inakuachia kitu.

Kuitazama nyumba

Tulitazama nyumba kumi na moja. Kila tulipoingia, mpwa wangu alitazama pembe za dari, nyuma ya makabati na kuta za chumba cha kuogea, akitafuta ukungu. Asionekane mtu wa kero. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wa wazazi wenye asili ya Sudan, alifariki, na mwaka 2022 uchunguzi wa mahakama ukathibitisha kuwa kifo chake kilitokana na ukungu uliojaa katika fleti yao. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, sheria iliyopewa jina la mtoto huyo huwalazimisha wenye nyumba za jamii kushughulikia ukungu wa hatari kwa siku zilizowekwa. Rangi mpya katika pembe moja tu ya chumba, wakati kuta nyingine zimechakaa, ni alama ya kuuliza.

Tazameni pia kama ving'ora vya moshi vinafanya kazi, kama maji ya moto yanatoka, na kama kuna hati ya usalama wa gesi, ambayo mwenye nyumba hana budi kuipata upya kila mwaka. Nendeni mara ya pili jioni, mkasikilize mtaa ulivyo. Na muulizeni mwenye nyumba leseni yake kama yuko katika eneo linaloihitaji. Hapa Newham, leseni kwa takriban nyumba zote za kupangisha zilianza Januari 2013, nayo ilikuwa halmashauri ya kwanza England kufanya hivyo katika eneo lake zima. Halmashauri huweka daftari la wenye leseni ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulitazama. Laiti tungelitazama daftari hilo kabla ya kutoa zile pauni 2,000, tungeona kwamba jina la yule bwana halimo. Pia afisi ya serikali ya kuandikisha ardhi hutoa jina la mmiliki wa nyumba iliyosajiliwa kwa ada ya pauni chache. Ni bei ndogo kwa usingizi wa familia.

Fedha zinazodaiwa na zisizodaiwa

Haya nayaeleza polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapodhulumiwa zaidi. Ni sheria za England. Scotland na Wales zina zao.

Tangu tarehe 1 Juni 2019, ni marufuku wakala au mwenye nyumba kumtoza mpangaji ada ya kutazama nyumba, ya kuandika mkataba, ya kuchunguza habari zake, au "ya kazi". Anachoruhusiwa kuchukua mwanzoni ni kodi, arubuni na amana.

Arubuni, yaani fedha ya kuishikilia nyumba wakati wa uchunguzi, isizidi kodi ya wiki moja. Amana isizidi kodi ya wiki tano, maadamu kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Hesabu yake ni hii: zidisha kodi ya mwezi kwa 12, kisha gawanya kwa 52. Kwa nyumba ya pauni 1,690, wiki moja ni pauni 390, na wiki tano ni pauni 1,950. Akikudai zaidi, umwonyeshe hesabu hiyo kwa adabu.

Amana si mali ya mwenye nyumba. Tangu tarehe 6 Aprili 2007, hana budi kuilinda katika mojawapo ya mifuko iliyoidhinishwa na serikali, ambayo leo ni mitatu, na kukupa maelezo yake kwa maandishi katika muda wa siku 30. Asipofanya hivyo, mahakama yaweza kumwamuru akulipe fidia kati ya mara moja na mara tatu ya amana hiyo. Kwa hiyo siku ya kuingia, pigeni picha kila ukuta, kila zulia na kila mita, mziweke. Picha hizo ndizo zitakazoirudisha amana siku ya kutoka.

Lipeni kwa benki, wala si taslimu, na jina la akaunti lifanane na jina lililomo katika mkataba. Mtu anayekataa kulipwa kwa benki amekwisha kujieleza mwenyewe.

Karatasi na haki zetu

Upande wetu nao tuwe tayari. Tangu Februari 2016, kila mwenye nyumba wa England analazimika kuhakikisha kuwa mpangaji mtu mzima anayo ruhusa ya kuishi nchini. Wenye viza huthibitisha kwa nambari inayotolewa na serikali. Wekeni pamoja, katika bahasha moja, pasipoti, nambari hiyo, hati za mshahara za miezi mitatu, taarifa za benki na barua ya mwajiri. Nyumba nzuri huchukuliwa siku ile ile. Aliye na bahasha huitwa kabla ya mwenye kusema "nitaleta kesho".

Ama mdhamini, watu hulichukulia jambo hili kama kutia saini kadi ya harusi. La hasha. Mdhamini huahidi kulipa kodi mpangaji asipolipa, na mara nyingine huahidi hata gharama za uharibifu. Mzee ukiombwa, soma hati yote, uliza kikomo cha fedha na cha muda, kisha ukubali au ukatae waziwazi. Kukataa mapema ni bora kuliko kugombana mahakamani na mtoto wa dada yako.

Wasomaji wajue pia kuwa mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya ya haki za wapangaji, na sehemu zake kubwa zinaanzia tarehe 1 Mei 2026. Kuanzia siku hiyo mwenye nyumba binafsi hawezi kumtoa mpangaji bila ya kutaja sababu inayokubaliwa na sheria. Kodi haipandishwi zaidi ya mara moja kwa mwaka, tena kwa notisi ya miezi miwili, na mpangaji aweza kuipinga mbele ya baraza la usuluhishi. Wakala haruhusiwi kupokea kodi iliyozidi ile aliyoitangaza, wala kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mpangaji kuingia. Kumkataa mtu kwa sababu ana watoto, au kwa sababu anapokea msaada wa serikali, nako kumeharamishwa. Wale wetu waliozoea kusema "nitakulipa miezi sita kwa mpigo" ili wapewe nyumba, desturi hiyo ya nyumbani hapa haina tena nafasi.

Na aliyekwisha pewa notisi asingoje mpaka mabegi yawe barazani. Tangu Aprili 2018, halmashauri inawajibika kumsaidia mwenye haki ya msaada huo aliyebakiwa na siku 56 au pungufu kabla ya kukosa makazi. Shirika la Shelter, lililoanzishwa mwaka 1966, hutoa ushauri bure. Kwenda kuuliza si kuomba.

Jinsi walivyohama

Nyumba waliyoipata iko Becontree, ni miongoni mwa zile zilizojengwa na baraza la jiji karibu miaka mia iliyopita, kisha zikauzwa. Ina vyumba viwili vya kulala, sebule inayotosha kitanda cha mvulana, na kiuga ambacho mke wangu amekwisha panda kotmiri. Mwenye nyumba si mtu wetu kwa maana yoyote ile. Ni mama mmoja mzee wa Kiingereza ambaye karatasi zake zote zilikuwa zimepangwa.

Walihitaji pauni 3,640 siku ya kuingia: amana ya 1,950 na kodi ya mwezi ya 1,690. Baada ya ile hasara, mfukoni walibakiwa na nusu tu. Kina mama wa upatu wakakubaliana kumpa mpwa wangu zamu ya kwanza, ingawa alikuwa wa mwisho kujiunga. Hata hivyo palipungua pauni 600, nami nikazitoa katika akiba yangu, nikiwa naona kwamba hizo hazifikii nusu ya ninachodaiwa na dhamiri yangu.

Jioni ile mpwa wangu alikuja na karatasi mbili alizoziandika kwa mkono wake. Zilitaja kiasi, tarehe ya mwanzo wa kulipa, na pauni 50 za kila mwezi. Mumewe na mke wangu walikuwa wamekwisha tia saini za ushahidi. Nilitaka kusema kuwa baina yetu haina haja. Mpwa wangu akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, nakuheshimu. Ndiyo maana nimeandika."

Nikatia saini. Nakala yangu imo ndani ya kabati, na kila mwezi naandika juu yake kilicholipwa. Msichana mkubwa huja kuikagua kila anapotutembelea, na hajakosa hata mwezi mmoja.

Wabillahi tawfiq.